Kiti cha Kuazima

Koti nililovaa siku ile halikuwa langu. Lilikuwa la mjomba, la kijivu, mabega yamenizidi vidole viwili kila upande, na mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa pini. Mezani mbele yangu palisimama kibao cha karatasi ya manila iliyokunjwa kama paa la banda, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la nchi niliyopangiwa: Aisilandi. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, barafu naijua ya kwenye jokofu tu, na kwa siku tatu nilitakiwa kusema kwa niaba ya watu wa Reykjavik katika kamati ya upunguzaji wa silaha. Usiku wa kuamkia kikao ndipo nilipogundua kwamba nchi yangu haina jeshi. Wahenga wana methali kuhusu nguo ya kuazima. Sitaimalizia hapa, kwa heshima ya wasomaji.

Ndani ya ukumbi tulizungumza Kiingereza cha kuvalia tai. Kila mtu alikuwa mheshimiwa mjumbe, na hakuna aliyesema "mimi". Tulisema "nchi yangu inaamini". Nje, karibu na meza ya chai, mambo yalikuwa mengine.

"Kaka Aisilandi, tia saini hapa basi, zimebaki mbili tu."

"Nikitia napata nini?"

"Aya yako ya nne tunaiingiza kama ilivyo."

"Brazili kakubali?"

"Brazili yule pale anakula sambusa. Kamuulize mwenyewe."

Azimio letu lilipita jioni ya siku ya tatu, tukapigiana makofi kana kwamba mabomu ya nyuklia yameshaanza kufunguliwa skrubu. Kwa miaka mingi nikadhani mchezo huu wa kuigiza vikao vya Umoja wa Mataifa, ambao wanafunzi huuita kwa herufi zake tatu, MUN, ulibuniwa New York na wenye Umoja wa Mataifa wao, kisha tukaletewa kama tulivyoletewa mpira wa kikapu. Nilipokuja kuufuatilia nikakuta una umri mkubwa kuliko Umoja wa Mataifa wenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya historia yake imeandikwa na watu waliokuwa kama mimi na lile koti: wamekalia kiti kisicho chao, au hawana kiti kabisa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Ligi ya Mataifa iliundwa na kuanza kazi rasmi tarehe 10 Januari 1920, na makao yake yakawekwa Geneva. Nchi 42 ndizo zilizoanza nayo. Watu hawakuwa wamezoea kuona mawaziri wa dunia nzima wakikaa ukumbi mmoja, kila nchi kura yake, wakibishana huku waandishi wa habari wakinukuu. Haukupita mwaka wa pili, wanafunzi wakaanza kuwaigiza. Novemba 1921, katika Chuo Kikuu cha Oxford, liliundwa Baraza la Kimataifa la wanafunzi kwa mfano wa lile la Geneva, na aliyelianzisha alikuwa mwanafunzi aitwaye Mir Anees Mahmood.

Jina hilo lisipite hivi hivi. Ni jina la Bara Hindi, na India ya wakati ule ilikuwa na kisa chake. Ilikuwa koloni la Mwingereza, lakini kwa kiini macho cha mikataba ya 1919 ilihesabiwa mwanachama mwanzilishi wa Ligi. Kiti ilikuwa nacho. Wa kukikalia alichaguliwa na serikali ya kikoloni. Katika mkutano wa kwanza, mwaka 1920, mmoja wa wajumbe wa India alikuwa Ranjitsinhji, mtawala wa Nawanagar, ambaye Waingereza walimjua zaidi uwanjani kuliko barazani, kwa kuwa aliwahi kuichezea timu yao ya taifa ya kriketi. Basi angalia nani alikuwa akiigiza. Geneva alikaa mwanamfalme aliyetumwa na mtawala wa India kusema kwa jina la India, na Oxford mwanafunzi akaunda chumba ambamo kijana wa Kihindi angesimama na kusema bila kutumwa na yeyote. Kama ningelazimishwa kuchagua kipi kati ya vyumba hivyo viwili kilikuwa cha bandia, ningefikiri kidogo kabla ya kujibu.

Kutoka Oxford wazo likavuka Atlantiki. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1920 lilifika Harvard, Mahmood mwenyewe akiwa miongoni mwa waliolipeleka, na mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kiliandaa mkutano wa Ligi ya kuigiza ambao haujafa hadi leo. Umebadilisha majina na miji, lakini ukoo wake ndio uliozaa mkutano wa kitaifa wa vyuo vikuu unaofanyika New York kila mwaka, ambao katika miaka yake ya unono ulikusanya wanafunzi zaidi ya 5,000.

Kichekesho ni kwamba Marekani haikuwa mwanachama wa Ligi. Rais Woodrow Wilson, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Princeton kabla ya kuingia siasa, alihangaika kuiunda mpaka akapooza kwa kiharusi katikati ya kampeni ya kuitetea. Baraza la Seneti likaukataa mkataba wa kuiunda Ligi mara mbili, Novemba 1919 na Machi 1920. Kwa hiyo vijana wale wa Syracuse na vyuo jirani waliokaa wakajiita Ufaransa, Japani au Uajemi walikuwa wakicheza ndani ya nyumba ambayo wazee wao waligoma kuingia. Ukitaka kuona taifa likijadiliana na dhamiri yake, nenda kwenye vikao vya namna hiyo.

Na kwa kuwa mchezo waliuchezea Marekani, waliuchezea kwa kanuni za Marekani. Mwaka 1863 mhandisi mmoja wa jeshi, Henry Martyn Robert, aliombwa aongoze mkutano kanisani katika mji wa New Bedford, Massachusetts. Mkutano ukamshinda, watu wakapigiana kelele, naye akaondoka na fedheha. Yeyote aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi atamwonea huruma. Robert akaapa kutoaibika tena, akasoma kanuni za mabunge, na mwaka 1876 akachapisha kitabu cha utaratibu wa mikutano ambacho vyama, makanisa na klabu za Marekani vimekitegemea tangu hapo. Utaratibu wa namna hiyo ndio ulioingia katika mchezo wa wanafunzi: kutoa hoja, kuunga hoja, kupiga kura kuhusu hoja ya kupiga kura. Geneva hawakuendesha mambo hivyo, na New York baadaye hawakuyaendesha hivyo. Kasoro hii ilikaa karibu miaka 80 kabla ya Umoja wa Mataifa wenyewe kuilalamikia.

Sasa tugeuke upande wetu. Wakati vijana wa Syracuse wakikunja karatasi za vibao vyao, Afrika nzima ilikuwa na viti vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja: Liberia, Afrika Kusini ya makaburu na Waingereza, na Ethiopia iliyoingia mwaka 1923. Misri ilikuja kuingia mwaka 1937. Tanganyika haikuwa na kibao, lakini jina lake lilitajwa sana. Tangu 1922 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Waingereza kwa idhini ya Ligi, kama vile Ruanda-Urundi ilivyokuwa chini ya Wabelgiji, na kila mwaka tume maalumu ilikaa Geneva kusoma taarifa za watawala. Mwananchi aliruhusiwa kulalamika. Ila malalamiko yake hayakupokewa mpaka yapitie kwa serikali inayomtawala. Yaani ukitaka kumshtaki mkoloni, barua unamkabidhi mkoloni akupelekee.

Hata aliyekuwa na kiti hakusalimika. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alipanda jukwaa la Geneva kuishtaki Italia iliyoivamia nchi yake. Kabla hajasema neno, waandishi wa habari wa Kiitalia waliokuwa roshani wakaanza kupiga miluzi na kumzomea, hadi Nicolae Titulescu wa Rumania akapaza sauti kwa Kifaransa watolewe nje washenzi wale. Mfalme akangoja, kisha akasema kwa Kiamhari. Ligi ikasikitika, na mwezi uliofuata ikaviondoa vikwazo ilivyokuwa imeiwekea Italia. Katika maazimio ya wanafunzi, aya za utangulizi bado huanza kwa maneno kama "ikisikitishwa sana" na "ikitambua kwa wasiwasi". Kila niyasikiapo namkumbuka mtu yule mfupi aliyevaa joho, akingoja miluzi iishe.

Umoja wa Mataifa ulipozaliwa San Francisco mwaka 1945, wanafunzi walibadilisha majina kwenye vibao tu, mchezo ukaendelea. Tarehe 5 Aprili 1947, chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania kilikusanya wanafunzi zaidi ya 150 kutoka vyuo 41 kuigiza Baraza Kuu. Wakati huo Baraza Kuu lenyewe halikuwa na nyumba. Lilikutana Flushing Meadows, New York, katika jengo lililokuwa na uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na kamati zake zilikaa Lake Success, ndani ya kiwanda kilichotengeneza zana za vita. Jengo refu la vioo kando ya East River lilikuwa bado kwenye michoro. Kwa hiyo mwaka ule, wa kweli na wa kuigiza wote walikuwa wapangaji.

Hesabu ya vibao ndiyo inayonivutia katika mkutano wa mwaka kama ule. Waanzilishi wa Umoja wa Mataifa walikuwa 51, na Afrika ilikuwa na wanne: Ethiopia, Liberia, Misri na Afrika Kusini. Sisi tuliobaki tulikuwa ajenda. Hata hivyo kitu kimoja kilikuwa kimebadilika. Chini ya Baraza jipya la Udhamini, mwananchi wa nchi iliyodhaminiwa aliweza kwenda mwenyewe kusema, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kutembelea nchi kila baada ya miaka michache. Ujumbe uliokuja Tanganyika mwaka 1954 ulikuta chama cha TANU kina majuma machache tangu kuundwa, nao ukaandika kwamba nchi ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Waingereza wakakasirika kwa kuona muda ni mfupi mno.

TANU ikachangisha nauli, na tarehe 7 Machi 1955 mwalimu wa shule ya Pugu, Julius Nyerere, akakaa mbele ya Baraza la Udhamini. Alikaa kama mwombaji, hakuwa mjumbe. Serikali ya Marekani ilimpa viza yenye masharti yaliyombana asitembee mbali na jengo wala asikae siku nyingi. Hotuba yake haikuwa ya kugonga meza. Alisema kwa upole, akaomba kitu kimoja kikubwa: Tanganyika itamkwe wazi kuwa nchi ambayo, ijapokuwa na watu wa rangi nyingi, msingi wake ni wa Waafrika. Wanafunzi wa leo wanaofundishwa kwamba mjumbe bora ni yule mwenye kusimama mara nyingi wangefaidika kuisoma. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu, na tarehe 14 Desemba 1961, siku tano baada ya uhuru, Tanganyika ikawa mwanachama wa 104. Miaka 20 hadi 25 ilikuwa imepungua ikawa saba.

Mwaka mmoja tu, 1960, ulikuwa umeingiza wanachama 17, na 16 kati yao walitoka Afrika. Fikiria waandaaji wa mikutano ya wanafunzi huko Boston au California: mwaka huu Afrika ina safu moja ya meza, mwaka kesho inahitaji robo ya ukumbi. Kongo, kisha Tanganyika, kisha Rwanda na Burundi siku moja ya Septemba 1962, Uganda mwezi uliofuata. Vijana wa Kimarekani ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina la mji wa Usumbura wakawa wanaingia maktaba kutafuta Burundi inauza nini nje na inampigia nani kura. Sijui njia nyingine iliyolazimisha wanafunzi wengi namna hiyo kusoma habari zetu kwa hiari yao.

Kibao kilichoishi muda mfupi kuliko vyote vya pwani yetu ni cha Zanzibar. Zanzibar na Kenya ziliingia siku moja, tarehe 16 Desemba 1963. Kabla mwezi haujaisha serikali ya Zanzibar ikapinduliwa, na tarehe 26 Aprili 1964 nchi ikaungana na Tanganyika. Kibao kikatolewa mezani baada ya miezi minne na siku kumi. Mkutano wa wanafunzi uliofanyika majira ya machipuko ya mwaka ule, kama ulimpangia mtu Zanzibar, yule kijana alikuwa na kazi nzito ya kujua anawakilisha nani.

Mzanzibari mmoja ndiye aliyekuja kuonyesha kiti kinavyokaliwa. Salim Ahmed Salim, aliyepewa ubalozi wa kwanza, Cairo, akiwa na miaka 22, alikuwa na 29 tu, akikalia kiti cha Tanzania, usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu lilipopiga kura kuipa Jamhuri ya Watu wa China kiti kilichokuwa kikikaliwa na serikali ya Taiwan. Kura zilikuwa 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikajizuia. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na Wamarekani hawakusahau jinsi wajumbe wa Tanzania walivyofurahi. Habari ikaenea kwamba walicheza ngoma ndani ya ukumbi. Mwaka 1979 Salim akawa rais wa Baraza Kuu. Mwaka 1981 akagombea ukatibu mkuu, na katika Baraza la Usalama Marekani ikampigia kura ya turufu raundi baada ya raundi, China nayo ikimfanyia vivyo hivyo Kurt Waldheim, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.  Nikiulizwa kura ya turufu ni nini, nawaelekeza kwenye kisa hicho kuliko kwenye kifungu cha 27 cha Mkataba.

Mchezo wenyewe ulikuwa ukitambaa polepole. Harvard ilianza mikutano yake katika miaka ya 1950. The Hague ikaanzisha wake wa shule za sekondari mwaka 1968. Ulipoanguka ukuta wa Berlin, Harvard ikaona nafasi ya kuutoa mkutano nje ya Marekani, na ule wa kwanza wa dunia ukafanyika Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha ukawa unahama nchi kila mwaka, hadi ugonjwa wa korona ulipoufuta wa Tokyo mwaka 2020. Barani kwetu, Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo kilianza wake mwaka 1989.

Nairobi ina kitu ambacho Cairo na Boston hazina. Gigiri, nje kidogo ya jiji, kuna makao ya Umoja wa Mataifa, ya pekee ya ngazi hiyo katika nchi za Kusini. Shirika la mazingira liko Nairobi tangu miaka ya 1970. Wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki, na baadaye wa vyuo vikuu vya Kenya, wakafunguliwa kumbi hizo. Vijana waliozoea kuigiza katika bwalo la chakula wakajikuta kwenye meza zenye vipaza sauti vya kubonyeza, vibanda vya wakalimani nyuma ya vioo, na walinzi wanaokagua mifuko. Tanzania, vijana wa chama kinachounga mkono Umoja wa Mataifa walianzisha wa kwao, na klabu za UN zikaota mizizi kwenye vyuo na sekondari.

Kwa asiyewahi kuona, kazi inakwenda hivi. Miezi kabla, unapangiwa nchi na kamati. Unaandika waraka wa msimamo: nchi yako imesaini mikataba gani, imepiga kura vipi, inaogopa nini. Siku ya mkutano jina linasomwa, unainua kibao, unasema "nipo". Inafunguliwa orodha ya wasemaji. Unapewa dakika moja au moja na nusu. Kisha mwenyekiti, ambaye naye ni mwanafunzi mwenye nyundo ya mbao, anaahirisha kikao rasmi ili watu waongee wakiwa wamesimama. Hapo ndipo maazimio yanapoandikwa, kompyuta moja inazungukwa na watu kumi na wanne, kila mmoja akitaka sentensi yake. Wenye sauti kubwa wanajikusanyia kambi. Wenye akili wanakwenda kwa yule msichana aliyekaa peke yake na kibao cha Fiji, kwa sababu kura yake inalingana na ya India.

Walalamikaji walipokuja, walikuja kutoka juu. Mwaka 2009, huko Geneva, Umoja wa Mataifa wenyewe ulifanya mkutano wake wa kwanza wa kuigiza wa dunia nzima, ukafuatiwa na Kuala Lumpur mwaka 2010 na Incheon mwaka 2011, na baadaye ukatoa mwongozo. Hoja yao ilikuwa rahisi: vijana wanaigiza bunge. Katika Baraza Kuu la kweli maazimio mengi hupita bila kura, kwa sababu yamekwisha kusagwa katika mashauriano ya faragha mpaka hakuna wa kuyapinga. Kuna mtu hukaa wiki nzima akibadilisha "itahakikisha" iwe "itajitahidi". Tuzo ya mjumbe bora haipo. Wanafunzi wengi waliposikia hivyo waliguna, kwani bila kura ya mwisho na tuzo mchezo unapoa. Nami nilipousoma mwongozo nikacheka peke yangu, kwa kuwa mashauriano waliyokuwa wakiyasifu nilikuwa nimeyaona zamani, kwenye meza ya chai, yakiendeshwa kwa Kiswahili na sambusa mkononi. Walimu wetu walikuwa wakitukemea kwamba tunatoka nje ya lugha ya mkutano.

Malalamiko mengine hayana mwongozo. Ada ni kubwa, suti ni ghali, na anayeongea Kiingereza cha shule za kulipia anaonekana ana hoja hata asipokuwa nayo. Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Mikutano ya wanafunzi ya Dar es Salaam na Nairobi bado inaona haya. Mwaka ambao kundi letu lilichanga kwa mwaka mzima, tukauza fulana na kuosha magari ya wahadhiri, ili watu sita waende kwenye mkutano wa ng'ambo, wanne walinyimwa viza. Karatasi ya ubalozi ilisema ubalozi haukuridhika kwamba tungerudi nyumbani. Waliopewa ni wale wawili ambao wazazi wao walikuwa na magari. Nchi tuliyokuwa tumepangiwa, kwa mzaha wa bahati, ilikuwa nchi ya ubalozi huohuo; tulikuwa tumeusoma msimamo wake kuhusu uhamiaji hadi tukaukariri.

Kuna kamati moja ambayo siwezi kuiangalia kama mchezo. Mikutano mingi hupenda kamati za kihistoria: unarudishwa nyuma, unaambiwa ni mwaka fulani, amua. Moja inayorudiwa ni Baraza la Usalama la 1994. Anayeisoma kwa mara ya kwanza hushtuka kukuta kwamba katika orodha ya wajumbe 15 wa mwaka ule imo Rwanda. Serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji ilikuwa na mtu wake ndani ya chumba, akisikiliza kila kitu, na tarehe 21 Aprili baraza hilo likapunguza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda hadi 270. Mwanafunzi akikabidhiwa kibao hicho, kanuni zinamtaka aseme kwa moyo wote kama mwenye nacho. Nilimwona binti mmoja akikigeuza kibao kikatazama upande wake, akakaa hivyo kikao kizima bila kuomba nafasi, na mwenyekiti hakumsumbua.

Mara ya mwisho nilikwenda Gigiri kama mtazamaji, nikaketi safu ya nyuma ya Baraza la Usalama la kuigiza. Kijana wa Kisumu alikuwa Tanzania, akishawishi kwa ufasaha ambao ungemfurahisha balozi yeyote wa Dodoma. Aliyekuwa Marekani alikuwa dada mmoja, mwanafunzi wa sheria mwenye miwani, koti la bluu lililomkaa vizuri, la kwake. Azimio la kijana wa Kisumu lilikuwa na kura kumi na tatu. Dada yule akangoja aitwe, akainua kibao kupinga, akakishusha. Ukumbi ukazizima. Yule kijana akamtazama, kisha akaanza kucheka, naye akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili kutoka pande mbili za meza ya duara.

Mkutano ulipofungwa walipiga picha, wakabadilishana namba, wakaanza kutoka kuelekea Barabara ya Limuru kupanda matatu. Mzee mmoja mwenye kitambulisho shingoni alibaki akiokota vibao, hivi vya plastiki vya ukumbi, akivipanga kwa alfabeti ndani ya sanduku. Dada wa Marekani alikuwa bado ameshika cha kwake, anauliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani.

"Hicho wacha hapo, msichana," mzee akamwambia, akinyoosha mkono. "Jumatatu wenyewe wako na mkutano."